Mwenye Kufuga Samaki Hufuga Maji

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya samaki wadogo wa rangi wanaofugwa nyumbani ndani ya tangi la kioo. Samaki hawa si wa kuliwa. Hufugwa kwa kutazamwa tu, kama vile mtu apandavyo maua mbele ya mlango wake. Watu wengi huwapenda, lakini wengi huwanunua leo, na kabla ya majuma mawili kupita wamekwisha kuwatoa maiti mmoja mmoja. Husema, "Samaki wale walikuwa wagonjwa," au, "Muuzaji amenidanganya." Pengine ni kweli. Walakini mara nyingi sababu ni nyingine kabisa: samaki walitiwa katika maji ambayo hayajawa tayari kuwapokea. Na maji hayo huwa maangavu, hata mtu hawezi kuuona ubaya wake kwa macho. Basi leo tutaeleza jinsi maji yanavyotayarishwa, na mfano wetu utakuwa samaki mmoja aitwaye neoni.

Neoni ni samaki wa Amerika ya Kusini. Kwao ni katika vijito vya upande wa magharibi wa bonde la mto Amazon, katika nchi za Peru, Kolombia na Brazili. Urefu wake ni kama sentimita 3 au 4 tu. Ubavuni ana mstari wa buluu unaong'aa, uanzao kichwani na kufika karibu na mkia. Chini yake uko mstari mwekundu tangu katikati ya mwili hata shina la mkia. Jina lake latokana na taa za neoni zing'aazo usiku mijini. Mwaka 1936 mtaalamu wa Marekani, George S. Myers, alimwandika katika elimu ya samaki kwa mara ya kwanza, akampa jina la kumheshimu William T. Innes wa Philadelphia, aliyetunga vitabu juu ya ufugaji wa samaki. Buluu ile si rangi kama rangi ya nguo. Ndani ya ngozi mna chembe ndogo mno zinazorudisha nuru, kama kioo kifanyavyo. Usiku hufifia, na asubuhi hurudi. Kwa hiyo mwenye samaki asishtuke awaonapo wamepauka alfajiri.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba neoni ni samaki wa kundi. Huko kwao maadui ni wengi, na samaki mdogo hana meno wala miiba ya kujitetea. Kinga yake ni wenzake. Adui akiona miili mingi inayogeuka pamoja kwa ghafula, hushindwa kumchagua mmoja wa kumkamata. Neoni aliyewekwa peke yake, au wawili tu, huishi kwa hofu. Hujificha, hukataa chakula, na rangi yake hupotea. Basi wasiwe chini ya 6, na 10 ni bora zaidi. Wala wasiwekwe pamoja na samaki wakubwa. Samaki mwenye kinywa kipana cha kutosha kummeza neoni, hatimaye atammeza.

Kwa neoni 10, tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35 lafaa. Hilo hupokea maji kama lita 60, nayo uzito wake ni kilo 60, mbali na kioo na mchanga; kwa hiyo meza iwe imara. Lisiwekwe penye jua la dirishani. Neoni hupenda maji ya joto la digrii 21 hata 25. Pwani, wakati wa kaskazi, joto laweza kupita kiasi hicho, na maji ya moto huwa na oksijeni chache. Tangi likae mahali pa baridi, penye upepo. Katika nchi za milimani, ambako usiku kuna baridi kali, chombo cha kupashia maji moto chahitajiwa.

Maji ya kwao neoni ni laini, yaani hayana chokaa nyingi, na mara nyingi majani yaliyooza huyatia rangi kama ya chai isiyo na maziwa. Maji ya visima vya pwani, vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, huwa magumu. Sabuni haifanyi povu upesi ndani yake. Hayo hayamfai sana. Maji ya bomba nayo yana klorini ya kuua vijidudu, nayo huwadhuru samaki. Yakikaa siku nzima katika ndoo iliyo wazi, klorini hutoka. Lakini miji mingine hutia klorini iliyochanganywa na amonia, na hiyo haitoki kwa kungojea tu. Sharti itumiwe dawa ya kuiondoa, iuzwayo katika maduka ya samaki wa kufugwa.

Sasa sikilizeni vema, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mtoni, uchafu wa samaki huchukuliwa na maji mengi. Tangini hauna pa kwenda. Mavi ya samaki na chakula kilichobaki huoza na kutoa amonia, na hata matamvua ya samaki hutoa amonia. Sumu hii haina rangi. Huunguza matamvua, na samaki hutweta juu ya maji mpaka afe. Lakini kuna bakteria ambao huigeuza amonia kuwa nitraiti. Hiyo nayo ni sumu, kwa kuwa huizuia damu isichukue oksijeni. Kisha huja bakteria wengine, wakaigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa ni kidogo. Bakteria hao hukaa juu ya mchanga, mawe, na hasa katika sifongo ya chujio. Katika tangi jipya hawajaongezeka bado, na kuongezeka kwao huchukua kama majuma 4 hata 6.

Basi fanyeni hivi. Jazeni tangi, pandeni mimea ya majini, washeni chujio, wala msitie samaki. Kila siku tieni chembe kidogo za chakula cha samaki, ili zioze na kuwalisha bakteria. Pimeni maji kwa dawa za kupimia. Mtaona amonia ikipanda, kisha nitraiti. Baadaye zote mbili zitatoweka na nitreti itatokea. Siku hiyo badilisheni sehemu ya maji, mkaanze na samaki 5 au 6. Wengine wafuate baada ya majuma mawili. Mfuko waliokuja nao uelee tangini kwa dakika 15 ili joto lilingane, na maji ya tangi yatiwe ndani yake kidogo kidogo, kisha samaki wahamishwe kwa wavu. Subira huvuta heri.

Baada ya hapo kazi si nyingi. Kila juma toeni robo ya maji na kutia mengine yaliyotayarishwa. Msiyamwage yote, wala msioshe sifongo kwa maji ya bomba, kwani klorini itawaua bakteria; ikamuliwe katika maji yaliyotolewa tangini. Chakula kiwe kidogo, mara moja au mbili kwa siku, kadiri ya kile kinachoisha kwa dakika mbili. Viluwiluwi vya mbu ni chakula kizuri. Neoni akijitenga na wenzake, na mstari wake ukaanza kupauka mabaka, atengwe mara moja. Uko ugonjwa wa namna hiyo usio na dawa, na wenzake huambukizwa wakimla akifa.

Neno la mwisho. Mtu akichoka na samaki wake asiwamwage mtoni wala ziwani, bali ampe mfugaji mwingine. Sangara waliotiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 walikuwa sababu kubwa ya kupotea kwa aina nyingi za furu, na hakuna awezaye kuzirudisha. Neoni si sangara, lakini samaki mgeni na magonjwa yake, wakiisha kuingia katika maji yasiyo na kuta, hawarudishwi tena.

Basi, mwenye kuyatunza maji atawaona neoni wake wakienda pamoja miaka mingi. Kwaherini.