MTOTO WA VIATU VYA CHUMA: TUMSAIDIE MAMA YAKE ASICHOKE



Safari hii tunataka kuzungumza juu ya watoto wanaozaliwa nyayo zao zikiwa zimepinda. Hospitalini hali hii huitwa klabufuti. Unyayo umegeukia ndani na kisigino kimevutwa juu. Mtoto akiachwa hivyo, atakuja kukanyagia ubavu wa mguu au hata mgongo wake, na atatembea kwa maumivu maisha yake yote. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja au wawili huwa nayo. Wavulana ni karibu mara mbili ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hawa wamepinda miguu yote miwili.

Habari njema ni kwamba hali hii inatibika, tena bila upasuaji mkubwa. Lakini liko jambo moja ambalo wengi hawaambiwi mapema: sehemu ndefu ya matibabu haifanyiki hospitalini. Inafanyika nyumbani kwa miaka, na hapo ndipo mguu unapona au unaharibika tena.

SI LAANA

Kwanza tuondoe maneno mabaya. Wako wanaosema ati mama alimcheka kilema, au aliruka kitu akiwa mja mzito, au ni laana ya ukoo. Hapana. Mtoto hupata hali hii akiwa bado tumboni, na wataalamu wanajua kwamba mara nyingine hufuata damu ya familia. Mama hakufanya kosa lolote. Baba naye asikimbie akisema mtoto si wake.

Pia tuache kumkanda mtoto kwa nguvu au kumfunga vijiti kwa leso. Kukanda kwa kubahatisha hakunyooshi mguu, na majuma yanayopotea ni yale mazuri ambapo mifupa bado ni laini. Mtoto apelekwe kliniki mara tu baada ya kuzaliwa. Akichelewa, apelekwe tu, asiachwe.

MATIBABU YANAVYOENDA

Njia inayotumika leo duniani ilianzishwa na Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, hadi uzeeni. Alifariki mwaka wa 2009. Hapa kwetu, Hospitali ya CURE iliyoko Kijabe imekuwa ikitibu viungo vya watoto tangu 1998.

Daktari au mtaalamu huusukuma unyayo polepole kwa mikono, kisha huufunga plasta kutoka vidole mpaka juu ya paja. Kila wiki plasta hutolewa, mguu husogezwa kidogo tena, na plasta mpya hufungwa. Kwa kawaida huwa ni plasta tano hivi, wengine zaidi. Watoto wengi pia hukatwa kidogo ile kano ngumu nyuma ya kisigino, baada ya kudungwa sindano ya ganzi. Kidonda ni kidogo sana, na kano hujiunga yenyewe ndani ya plasta ya mwisho inayokaa majuma matatu.

Siku za plasta, usimtie mtoto ndani ya beseni. Mpanguse kwa kitambaa. Angalia vidole kila siku. Vikiwa baridi, vimevimba au vimebadilika rangi, au vikiingia ndani ya plasta visionekane, usingoje tarehe ya kadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

VIATU VYENYEWE

Plasta zikiisha mguu unaonekana umenyooka, na familia inashangilia. Kumbe ndiyo kwanza kazi inaanza! Mguu huu bado unataka kurudi ulikotoka, hasa kwa vile mtoto anakua haraka. Kwa hiyo mtoto huvalishwa viatu viwili vilivyo wazi mbele, vilivyounganishwa na chuma chenye upana kama wa mabega yake. Viatu hivi huushika unyayo ukiwa umeelekea nje.

Kuna aina moja iliyotengenezwa Uganda katika miaka ya 1990 na Mholanzi Michiel Steenbeek. Alitumia ngozi na chuma cha kawaida, ili mafundi wa huku kwetu waweze kuvishona na kuviunga wenyewe. Kando ya kisigino aliacha tundu dogo la kuchungulia. Ukiona kisigino kimekaa chini, umevalisha vizuri. Usipokiona, fungua uanze tena.

Miezi mitatu ya kwanza viatu huvaliwa masaa 23 kwa siku. Baada ya hapo ni usiku na wakati wa usingizi wa mchana, mpaka mtoto afikishe miaka minne au mitano. Mzazi akiacha mapema, mara nyingi mguu hurudi ukapinda, na plasta zianze upya.

Hayo masaa 23 yako pia nchi nyingine kwa jambo jingine. Marekani na Ulaya kuna watoto wanaovalishwa kofia ngumu masaa hayo hayo, kwa miezi kadhaa, ili kurekebisha kichwa kilichobonyea upande mmoja kwa kulalia. Wazazi wao nao hukodolewa macho barabarani. Lakini tuelewe tofauti. Kichwa kilichobonyea kwa kulalia mara nyingi hujirekebisha mtoto anapobebwa, anapogeuzwa na anapolazwa kwa tumbo akiwa macho huku mkimwangalia. (Shingo ikiwa imekaza, au kichwa kikikua haraka kupita kiasi, mwone daktari.) Unyayo wa klabufuti haujirekebishi. Hauna njia nyingine ila viatu.

MAMBO YA NYUMBANI

Usiku wa kwanza na wa pili mtoto atalia. Halii kwa maumivu, analia kwa kuwa miguu haiwezi kupiga teke mmoja mmoja. Mshike chuma, ukunje na kunyoosha miguu yote miwili pamoja ukimwimbia. Atajifunza. Ukivua kila anapolia, atajifunza jambo jingine: kwamba akilia, viatu vinatoka.

Mvalishe soksi za pamba zisizo na mikunjo. Usipake mafuta mahali palipokuwa pekundu, kwa maana ngozi italainika na kuchubuka zaidi. Chuma kifunge kitambaa kisije kikakuumiza wewe au ndugu anayelala naye. Akitoka malengelenge au kidonda, rudi kliniki warekebishe. Vidole vikianza kupita ukingo wa kiatu, omba saizi kubwa.

Kumbeba mgongoni kutakuwa shida, kwa kuwa chuma hakiruhusu miguu kukumbatia kiuno. Mbebe mbele au ubavuni. Na ile saa moja isiyo na viatu itumie vizuri: mwogeshe, umkague ngozi, kisha umfunge mgongoni kama watoto wengine. Wengi wa watoto hawa hutembea karibu na umri wa wenzao, labda mwezi mmoja au miwili baadaye.

KIKUNDI KINAINGIA WAPI?

Fikirini mama anayeishi Kangemi au Kawangware. Asubuhi anatoka kwenda kufua nguo Lavington au kuuza vitu mjini. Mtoto anamwacha kwa mama wa kulea watoto, mwenye watoto kumi chumba kimoja. Mtoto akilia, yule mama atavua viatu ili wengine walale. Hana ubaya, hajaelezwa tu. Jioni kwenye matatu abiria wanauliza, "Huyu mtoto amefungwa chuma kwa nini?" Mama anachoka, anavificha viatu kwenye mfuko.

Ninyi wa mashambani msiseme hayo ni mambo ya Nairobi. Mama huyo huyo kazi ikimzidi humleta mtoto kwa nyanya. Nyanya kwa huruma anasema, "Mjukuu wangu hawezi kulala na minyororo," na viatu vinabaki chini ya kitanda. Baada ya miezi mguu umerudi. Upendo ulikuwapo, maelezo ndiyo yaliyokosekana.

Yule mgonjwa wa kupooza katika Injili hakujifikisha kwa Yesu. Watu wanne walimbeba, wakatoboa hata paa. Kikundi kinaweza kuwa hao wanne:

1. Mmoja amsindikize mama kliniki, asikie maelezo pamoja naye.
2. Kikundi kitenge nauli ya kliniki kutoka mfuko wa dharura, na mama huyo apewe zamu yake ya merry-go-round mapema.
3. Mwanachama amtembelee nyanya au mama wa kulea, amwonyeshe namna ya kuvalisha na lile tundu la kisigino.
4. Wakunga na wahudumu wa afya wa kijiji waangalie miguu ya kila mtoto mchanga.

Siku ya Klabufuti Duniani ni tarehe 3 Juni, siku aliyozaliwa Daktari Ponseti. Kwetu Wakatoliki ndiyo sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Basi baada ya Misa siku hiyo, chukueni dakika kumi mlieleze jambo hili katika jumuiya yenu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kuna mtoto mwenye nyayo zilizopinda katika kijiji chetu? Ni nani atakayemtembelea wiki hii?
2. Ni maneno gani tunayoyasema yanayomfanya mama afiche mtoto wake?
3. Mama akituambia, "Nimechoka, nimevivua," tutamjibu nini, na tutamfanyia nini?