Mkazo wa Kiingereza Mdomoni mwa Mabanga

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vijana wa mtaa wetu wa Mabanga wana sababu mpya ya kujifunza Kiingereza, mbali na zile kazi za mashirika ya misaada. Wakikutana na neno «organization» hufurahi: wanalijua kwa Kifaransa. Hapo ndipo wanaponaswa. Kifaransa huweka uzito mwishoni, nao husema or-ga-ni-za-TION (herufi kubwa ni mkazo), Mwingereza akabaki ameduwaa.

Dawa wanayo, ila ni ya nyumbani. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho: wa-na-FUN-zi. Maneno ya Kiingereza yanayoishia na -tion, -ic au -ics kwa kawaida hufanya vivyo hivyo: or-ga-ni-ZA-tion, e-co-NO-mic. Ukiyaona, sahau Kifaransa, soma kama Mswahili. «Catholic» na «politics» ni makaidi, yanakaziwa mwanzoni.

Hata mkazo kuhama si jambo geni kwetu. Twasema SO-ma, so-ME-sha, so-me-SHA-na, wala hatukufundishwa. Kiingereza nacho husema PHO-to-graph, pho-TO-gra-phy, pho-to-GRA-phic. Ila kwao kiambishi ndicho kinachoamua: -ity, -graphy na -logy husukuma mkazo kwenye silabi inayovitangulia, kama u-ni-VER-si-ty. Viambishi -ee na -eer huuchukua vyenyewe: re-fu-GEE, vo-lun-TEER. Hapo, kwa mara moja, Kifaransa kinasaidia, maana ndiko vilikotoka.

Kiswahili hutuponza penye vokali. «Strength» ni silabi moja tu, lakini ulimi wetu hupachika vokali kati ya konsonanti mpaka silabi zinakuwa tatu au nne. Tena sisi hutamka kila vokali kikamilifu, ilhali Mwingereza humeza zile zisizo na mkazo: «comfortable» huandikwa kama silabi nne, wengi husema tatu. Kwa maoni yangu kumeza huku ni kugumu kuliko kanuni zote za viambishi, na ndiko kunakofundishwa kidogo.

Kamusi nzuri huweka kistari kidogo cha wima, juu, kabla ya silabi yenye mkazo. Kitafute kwanza. Kisha lijenge neno kutoka nyuma, kwa sauti: ZA-tion, ni-ZA-tion, ga-ni-ZA-tion, or-ga-ni-ZA-tion. Kila unapoongeza silabi mbele, ile -tion ya mwisho izidi kufifia, ibaki kama «shn».