Mlango Uliofunguka kwa Nje Tu

Ndugu msomaji, je, katika gari la familia yenu kuna mlango ambao hufunguka kwa nje tu? Au kuna kitasa ambacho ni lazima kibamizwe mara tatu ndipo kishike? Kama upo, na kama mmekwisha kuuzoea, naomba usome habari hii mpaka mwisho. Sisi tuliuzoea mlango wa namna hiyo kwa miaka miwili, na mazoea hayo nusura yatulize.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya miaka ya 1980, yenye milango miwili. Mume wangu aliinunua ikiwa imekwisha kuzeeka, nami sikuona faida ya gari la mbio kwa watu wenye watoto watatu. Lakini yeye alikuwa na sababu yake. Alipokuwa kijana alifuatilia mashindano ya Safari Rally kwenye redio, na Celica ndiyo iliyoshinda mfululizo mwaka 1984, 1985 na 1986. Nikaona mapenzi ya namna hiyo hayabishaniwi, nikanyamaza.

Baada ya muda mfupi mlango wa abiria ukaharibika. Ukivuta mkono wa ndani, unakuja mwepesi kama kitu kisichofungwa popote, na mlango hautikisiki. Ikawa tukifika kanisani mume wangu anashuka, anazunguka, na kunifungulia. Wenzangu wa kikundi cha akina mama wakasema nimepata mume mwenye heshima ya pekee. Nilicheka tu, sikuwaambia ukweli. Watoto nao wakalipa gari jina la Mlango Mmoja, kama lile soko letu la hapa Mwanza. Hakuna aliyesema tulipeleke kwa fundi. Gari lilikuwa linatembea, na fedha zilikuwa na kazi nyingine.

Jua la saa saba

Jumapili moja, baada ya ibada, nilibaki kuwapima watu shinikizo la damu, kazi ninayojitolea kila mwisho wa mwezi. Mume wangu alikuwa kwenye kikao. Binti yetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka minne, akakumbuka kwamba ameacha mdoli wake garini. Akaenda peke yake. Mlango wa abiria hatukuwa tukiufunga kwa ufunguo, kwa kuhofia usije ukakataa kabisa. Akavuta mkono wa nje, akaingia, kisha akaufunga mlango nyuma yake kama tulivyomfundisha.

Vioo vyote vilikuwa vimepandishwa, na mkono wa kuteremshia kioo ulikuwa mgumu kwa mikono yake. Mlango wa dereva ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, naye hakujua namna ya kuinua kitufe chake. Na gari la milango miwili halina mlango wa nyuma wa kujaribu.

Aliyemwona ni mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi nje ya uzio. Aliona kiganja kidogo kikipiga kioo. Akakimbia, akavuta mkono wa nje, mlango ukafunguka mara moja. Kilichokuwa kibovu kwa aliye ndani kilikuwa kizima kwa aliye nje.

Aliniletea mtoto mikononi. Nguo zilikuwa zimelowa jasho, ngozi ni ya moto, na sauti ya kulia imekwisha. Nilimlaza kivulini, nikamvua nguo, nikamfuta mwili mzima kwa kitambaa chenye maji, na mwenzangu akampepea kwa daftari. Kisha nikampa maji ya kunywa, kidogo kidogo. Baada ya nusu saa aliuliza mdoli wake uko wapi. Mimi sikuweza tena kushika kipimo changu, maana mikono ilikuwa ikitetemeka.

Mimi ni muuguzi. Nimewaambia akina mama wengi wasidharau dalili ndogo. Kumbe nyumbani kwangu nilikuwa na dalili ya miaka miwili, nami nikaifanya mzaha.

Yafaa kila mzazi ajue

Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani hupata joto haraka sana, na sehemu kubwa ya joto hilo huongezeka katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto mdogo nao hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Joto la mwili likifika nyuzi 40 au zaidi, na mtoto akalegea, akachanganyikiwa au akapata degedege, maisha yake yamo hatarini. Mpoze kwa maji na kumpepea huku akiwahishwa hospitali, na usimnyweshe kitu kama hana fahamu. Ukimkuta mtoto amefungiwa na hali yake ni mbaya, usipoteze muda kutafuta ufunguo. Vunja kioo kilicho mbali naye.

Ndani ya mlango

Jumatatu tulikwenda kwa fundi, nami nikakaa kwenye benchi nikitazama. Alifungua skrubu, akatoa mkono wa kuteremshia kioo, akabandua kava la ndani la mlango, kisha akalikunja taratibu lile karatasi la nailoni linalozuia unyevu. Akaniita nione.

Ndani ya mlango wa gari la zamani hakuna maajabu. Kuna kitasa chenye ulimi wa chuma, na ulimi huo hudaka pini iliyofungwa kwenye mwili wa gari. Kutoka kwenye kitasa hutoka vijiti vyembamba vya chuma. Kimoja huenda kwenye mkono wa nje, kingine kwenye mkono wa ndani, kingine kwenye kitufe cha kufungia, na kingine kwenye tundu la ufunguo. Vijiti hivyo hushikwa na klipu ndogo za plastiki. Plastiki ikikaa kwenye joto miaka mingi hukauka na kukatika. Klipu ya mkono wetu wa ndani ilikuwa imekatika, na kijiti kilikuwa kikining'inia bure. Kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba ndicho kilichomfungia mwanangu.

Fundi hakuishia kwenye klipu. Grisi ya zamani ilikuwa imegandana na vumbi, kwa hiyo alikisafisha kitasa kwa mafuta ya taa na brashi, akakikausha, akapaka grisi mpya kidogo. Akazibua matundu yaliyo chini ya mlango, ambayo hutoa maji ya mvua. Yakiziba, maji hubaki ndani na kutu huanza.

Kisha akaushika mlango ukiwa wazi, akauinua kwa ncha yake, nao ukacheza juu na chini. Milango ya magari haya ni mirefu na mizito, hivyo bawaba zake huchakaa na mlango ukainama. Ndiyo maana wengi hubamiza. Wanadhani kitasa ni kigumu, kumbe ulimi haukutani sawasawa na pini yake. Alitengeneza bawaba kwanza, ndipo akairekebisha pini.

Mwisho alinifundisha jambo ambalo kila mwenye gari anaweza kulifanya. Kabla ya kuufunga mlango uliotengenezwa, alisukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka ukajifunga, mlango ukiwa bado wazi. Akavuta mkono wa ndani, ulimi ukaachia. Akarudia kwa mkono wa nje, kwa kitufe na kwa ufunguo. Mtu akiufunga mlango kabla ya majaribio haya, na kijiti kikawa hakijakaa vizuri, atapata taabu kubwa kuufungua.

Jioni ya leo

Akina mama wenzangu, tusiseme mambo ya gari ni ya baba peke yake. Jioni ya leo kaa katika kila kiti cha gari lenu, funga mlango, ujaribu kutoka. Kama gari lina kizuizi cha watoto kwenye milango ya nyuma, hakikisha unajua kilivyo. Mfundishe mtoto kupiga honi, kwa maana katika magari mengi honi hulia hata ufunguo ukiwa haupo. Nasi wa kandokando ya ziwa tuna sababu ya ziada. Ingawa tangu Juni 2025 tunavuka Kigongo hadi Busisi kwa daraja, wako wanaopandisha magari kwenye vivuko kwenda Ukerewe na kwingineko. Abiria na washuke kabla gari halijapanda, na dereva awe na mlango unaofunguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta ambazo hazijengeki tena.

Siku hizi tukifika kanisani nafungua mlango mwenyewe na kushuka. Jumapili ya kwanza wenzangu waliniuliza kwa sauti ya chini kama tumegombana. Nikawajibu hapana, tumetengeneza kitasa.