Kerezo la Uswisi au Kerezo la Kichwa-telezi?

Jina "kerezo la Uswisi" laeleza asili tu: mashine hii ilibuniwa huko katika karne ya 19 ili kukereza vipuri vya saa. Leo Japani nayo huiunda. Sifa yake hasa ni kichwa kinachoushika na kuuzungusha ufito wa chuma huku kikiteleza na kuupitisha katika bushi elekezi. Kikatio hukata karibu na bushi, hivyo ufito mwembamba haupindi. Kwa hiyo twapendekeza "kerezo la kichwa-telezi".

Mwenye karakana na achague kwa kazi. Kipande ambacho urefu wake wazidi mara 3 ya kipenyo kwa kawaida huhitaji bushi. Kifupi chaweza kukerezwa bila bushi, na mabaki ya ufito yakapungua. Istilahi isiyobainisha kazi yaweza kumnunulisha mtu mashine isiyomfaa.