Usukani Unapolegea: Mambo ya Kukagua Kwenye Pikapu ya Parokia

Katika kata kama Buger, wilayani Karatu, pikapu ya parokia hufanya kazi nyingi. Hubeba mbegu na saruji, hupeleka wawezeshaji kwenye semina, na usiku huweza kugeuka gari la wagonjwa. Barabara ya lami itokayo Makuyuni kupitia Karatu hadi lango la Ngorongoro ni nzuri, lakini ukiiacha unakutana na barabara za udongo: vumbi na makorongo wakati wa kiangazi, utelezi na mashimo wakati wa mvua.

Mojawapo ya sehemu zinazoumia sana katika barabara za namna hii ni mfumo wa usukani. Makala hii inaeleza dalili za uchakavu, jinsi vifaa vinavyobadilishwa, na mambo ambayo kamati inapaswa kuyajua kabla ya kuidhinisha malipo.

Kinachochakaa ni nini?

Dereva anapozungusha usukani, nguvu hupita kwenye fimbo za chuma ziitwazo tairodi hadi kwenye magurudumu ya mbele. Mwisho wa tairodi una kichwa cha mviringo kama gololi, kinachocheza ndani ya kikombe chenye grisi na kufunikwa kwa mpira. Toyota Land Cruiser yenye ekseli nzima mbele ina stelingi boksi, na Hilux za toleo lililoanza mwaka 2005 zinatumia mfumo wa reki, lakini vichwa vya tairodi vipo kwenye magari yote mawili.

Mpira huo ukipasuka, vumbi na matope huingia, grisi hutoka, na chuma husaga chuma. Nafasi ikizidi, kichwa huweza kuchomoka. Hapo gurudumu moja hugeukia upande wake na dereva hana tena uwezo wa kuliongoza gari. Wakazi wa Karatu wanakumbuka tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi lilipotumbukia korongoni eneo la Rhotia na watu 35 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba chanzo kilikuwa usukani. Tunakumbusha tu kwamba katika miteremko yetu gari likihama njia hakuna nafasi ya kulirudisha.

Ukaguzi wa kila mwezi

Kazi hii inahitaji watu wawili na jeki. Si lazima wawe mafundi.

1. Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu yakielekea mbele, injini ikiwaka. Zungusha usukani taratibu kushoto na kulia, huku mwenzako akitazama tairi. Vitabu vya magari mengi ya aina hii huruhusu usukani ucheze takriban sentimita 3 hadi 4 kabla tairi halijasogea. Ukizidi hapo, tafuta sababu.

2. Zima injini na uvute breki ya mkono. Mmoja autikise usukani, mwingine ashike kila kiungo cha tairodi. Kiungo kizima husogea pamoja na fimbo yake. Kilichochakaa hugonga mkononi.

3. Inua gurudumu kwa jeki na uweke gogo imara chini ya ekseli au chesisi. Usitegemee jeki peke yake. Shika tairi upande wa kushoto na wa kulia, ulitikise. Likicheza, shuku tairodi. Kisha lishike juu na chini. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boli jointi au kingpini.

4. Kagua mipira yote, na uangalie kama tairi linalika upande mmoja.

Kubadilisha kifaa

Kabla ya kufungua, fundi aweke alama kwenye nyuzi au ahesabu mizunguko ya kichwa cha zamani anapokitoa, ili kipya kiingie kiasi kile kile. Baadhi ya vichwa vina nyuzi za kushoto, hivyo asilazimishe kabla ya kutazama. Kichwa kitolewe kwa kivutio maalumu, si kwa kupiga nyundo kwenye nyuzi.

Wakati wa kufunga, nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu. Tundu lisipolingana, nati iongezwe kukazwa kidogo, isilegezwe. Kisha iwekwe spliti pini mpya, yaani kile kipini kinachozuia nati isifunguke. Msumari au waya si mbadala. Kichwa kilichochakaa kisichomelewe kamwe.

Baada ya hapo gari lipelekwe kupimwa mwelekeo wa magurudumu. Kukwepa kipimo hiki ni kununua tairi mpya mapema.

Wajibu wa kamati na wafadhili

Kamati iwe na daftari la gari lenye tarehe ya ukaguzi, kilomita zilizosomwa na jina la aliyekagua. Fundi akibadilisha kifaa, arudishe cha zamani pamoja na stakabadhi. Dereva anayesema usukani umelegea asikilizwe, hata kama safari ilikwisha kutangazwa. Akilazimishwa kuondoka leo, mwezi ujao hatasema tena.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba jambo moja. Bajeti ya gari isiishie kwenye bei ya kununulia. Iwe na fungu la vipuri na matengenezo kwa kila mwaka wa mradi. Kichwa cha tairodi ni kifaa kidogo na bei yake ni ndogo ukilinganisha na gari lenyewe, lakini fedha yake isipokuwepo, gari husimama au, vibaya zaidi, huendelea kutembea.

Dalili ya mvua ni mawingu. Tunaziomba kamati zote zifanye ukaguzi huu kabla ya masika, zisisubiri gari likwame njiani.