Je, Wajua? Kahawa Haimalizi Uchovu

Je, wajua kuwa kahawa huuficha uchovu tu? Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyokulemea. Kafeini iliyomo kwenye kahawa huizuia adenosini isifikishe taarifa yake, lakini haiiondoi. Usingizi pekee ndio huipunguza. Hatari kubwa ya uchovu huo uliofichwa iko barabarani. Dereva wa usiku hupiga miayo, hupita kibao asikumbuke kiliandikwa nini, kisha ubongo huzimika kwa sekunde chache, pengine macho yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 4 ni karibu mita 90 bila dereva! Ndugu dereva, miayo ikifuatana, egesha gari mahali salama ulale japo dakika 20. Nanyi abiria, msimharakishe.