Baada ya Kupasuliwa Utumbo, Msiharakishe Kwenda Nyumbani

Tukitembelea wagonjwa hospitalini tunakutana na jambo hili mara kwa mara. Mzee amepasuliwa saratani ya utumbo mpana. Siku ya tatu au ya nne anaketi kitandani, anakunywa uji, na watu wa nyumbani wanaanza kuuliza: "Tutamchukua lini? Bili inapanda." Swali ni la haki, lakini siku hizo ndizo za kuangaliwa sana.

Daktari akiisha kuondoa sehemu yenye saratani, mara nyingi huunganisha ncha mbili za utumbo. Wakati mwingine kiungo hicho hakishiki vizuri. Uchafu wa utumbo huvujia ndani ya tumbo na kuleta usaha, na mgonjwa asiposaidiwa upesi anaweza kufa. Shida ni kwamba kuvuja kunaweza kuanza yeye akionekana bado mzima. Homa na tumbo kuvimba huenda vikaja baadaye.

Hapo ndipo damu inasaidia. Ini hutengeneza protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa New York mwaka 1930. Kwa mtu mwenye afya huwa chini ya miligramu 10 kwa lita. Baada ya upasuaji hupanda kwa kila mtu, kwa sababu kupasuliwa kwenyewe ni jeraha. Hufika juu kabisa kama siku ya pili au ya tatu, halafu hushuka. Isiposhuka, ama ikipanda tena, lazima sababu itafutwe.

Kati ya siku ya tatu na ya tano, madaktari wengi huangalia kiasi cha kama 150. Ikiwa chini ya hapo na mgonjwa anaendelea vizuri, uwezekano wa kuvuja ni mdogo. Ikiwa juu, si lazima utumbo uwe umevuja. Inaweza kuwa nimonia au kidonda cha nje kimeingia usaha. Daktari atatafuta, pengine kwa picha ya CT, kabla ya kumruhusu. Kuna pia kipimo cha prokalsitonini, ila hakipatikani kila mahali.

Basi tufanye nini? Kwanza, iwe ni Meru, Embu, Chogoria, Nkubu au Kyeni, ulizeni kwa heshima: "Daktari, CRP ya mzee imeshuka ama imepanda?" Kama maabara ya hapo haipimi, ulizeni kama damu inaweza kupelekwa kwingine.

Pili, msimwondoe mgonjwa kabla daktari hajakubali.

Tatu, akisharudi nyumbani, mkiona homa, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kutapika, tumbo kuvimba au maumivu kuzidi, mrudisheni siku hiyo hiyo, hata kama vipimo vya damu vilikuwa vizuri. Msingoje kukuche, wala msijaribu dawa za dukani. Kupata gari usiku kutoka Tharaka au Mbeere si rahisi, kwa hiyo jumuiya ndogo ndogo ipange mapema nani ana gari na nani atapigiwa simu.

Sisi ni hodari wa kuchangia matanga. Tuchange pia mapema, mgonjwa akiwa wadini, ili siku mbili au tatu zaidi za kuangaliwa zisimshinde kwa sababu ya bili.